Kikundi cha kusoma historia ya Lubumbashi mu komini Kenya: muende, lakini mulombe kopi

Ndugu mingi banauliza kama kile kikundi cha kusoma historia mu komini Kenya kinafaa kwenda. Nianze na jibu juu beko nalo haraka: ndiyo, muende. Kwa mutu anapenda kujua muji wake, mu Lubumbashi ya leo mi sijaona kitu kinafaa kupita hiki kikundi cha kusoma historia, chenye kukutanika siku ya posho (jumamosi) kisha saa nane mu sali moya ya kuazima mu komini Kenya ya hapa Lubumbashi, haiko ile inchi ya Kenya, na mara kwa mara kinapandisha batu mpaka ku Musée National mujini bakaangalie vitu na macho yao. Lakini kiko na kasoro moya kubwa, na nitaisema yote, juu ni kasoro ya kutengenezeka na haiombi pesa mingi.

Kwa bale habajakisikia, hakina jina kubwa wala kibao ku mulango. Kilianzishwa na vijana bamoya bale balisoma historia ku UNILU (yuniversite ya Lubumbashi), bakisaidiwa na bapansioné ba Gécamines, kampani ya shaba, bale beko na wakati na beko na maneno ya kusema. Kuingia ni bure. Banalomba paka 2000 FC ya fotokopi kwa mwenye kuwa nayo, mwenye hana anasoma mu karatasi ya jirani na hamuna mutu anamuangalia vibaya. Viti ni vya plastiki, bati ya juu inachoma sana mu mwezi wa kumi, mubebe mayi. Na kama banawaambia saa nane, mujue ni saa tisa kasorobo, hiyo njo Lubumbashi na sitakawia hapo.

Sasa kusoma kwenyewe, juu hapo njo kuko utamu. Habasomi kitabu muzima nyumbani kisha bakuye kubishana kama bale ba masomo makubwa banafanyaka. Banachukua kurasa mbili, tatu, banasoma hapo hapo, na sauti, mutu kwa mutu. Na kitabu kile balianza nacho, kile kilifanya mi nibakie, ni Vocabulaire de la Ville de Elisabethville, kiliandikwa mu 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha bale balikuwaka maboyi ba bazungu, na kiliandikwa mu Kiswahili ya hapa hapa, ile tunasema ku soko na mu lupango, haiko ile ya masomo. Kinasimulia muji toka mwanzo, na kinausimulia toka jikoni, toka upande wa mutu mwenye kupika, kufua na kusikia yote bwana yake anasema ku meza, haiko toka biro ya gouverneur. Miaka mingi kilikuwa paka karatasi za kupiga ku mashini zenye kutembea mukono kwa mukono, mpaka mu 1990 Johannes Fabian, mwalimu wa anthropolojia alifundishaka hapa kwetu ku yuniversite mu miaka ya 70, akakitoa mu kitabu pamoya na tafsiri ya Kiingereza, akisaidiwa na Kalundi Mango.

Sasa shida ya kile kitabu: ukikisoma na macho paka, unapotea. Mahali neno linaishia na lingine linaanza haionekani muzuri, virgule na point zinafuata njia yao zenyewe, majina ya bazungu yako yameandikwa vile boyi alikuwa anayasikia. Siku ile ya kwanza balimupa kijana moya anasoma sheria ku UNILU, Kifaransa chake ni maji, akaanza, akafika musitari wa pili akakwama, akarudia, akakwama tena, jasho likaanza kumutoka. Kulikuwa mama moya mukubwa anauzisha unga ku soko ya Kenya, alikuwa amekaa ku mulango juu ya upepo, akamuambia: "Mwana yangu, wee soma paka, usisimame, sisi njo tutakata." Akasoma vile, bila kusimama, herufi kwa herufi, na sali yote ikaanza kukata: hapa neno limeisha, hapa anauliza, hapa anamuchekea bwana yake, hapa ni wimbo. Yule mama alijifunza kusoma kidogo tu, lakini masikio yake yalikuwa yanajua ile lugha kupita sisi bote benye diplome. Nyuma njo yaya (ndugu mukubwa) mwenye kuongoza kikundi akatueleza kama Fabian naye alipitia njia ile ile: Kalundi Mango alisoma maandiko na sauti, bakamurekodi ku bande, kisha njo bakaandika upya vile balisikia. Mi niliikala pale nikafurahi sana, juu miaka yote mu masomo banatuambia bibi zetu habajui kitu, kumbe kuko kitabu kimoya cha historia ya muji wetu chenye kufunguka paka na masikio yabo.

Nilisha kuenda mu vikundi vingine vya kusoma mu huu muji, sitavitaja, vizuri tu, ukitaka romani ya Kifaransa kuko Halle de l'Étoile na utapata vitabu. Lakini kule pengine unasoma kimya, unafika unatoa mawazo, na mwenye Kifaransa kirefu njo anasema sana. Hapa Kenya mutu anasema juu aliishi, ao juu baba yake alimuhadisia, na mwenye alisoma anatoa tarehe na karatasi, bote babili banahitajiana. Ile ni kitu cha kujenga, na yaya yule anaiongoza na mayele, mutu akianza kurefusha anamuambia kwa heshima, "papa, tutunze ingine ya wiki ijayo," na papa hakasiriki.

Kisha kuko siku ya masanduku. Kila mwezi banachagua posho moya, kila mutu anakuya na kitu kimoya cha nyumbani, kitu cha zamani, anakiweka ku meza anasema kilitoka wapi. Haya habakuyavumbua bo, na banasema wazi kama habakuyavumbua: mu mwaka 2000 maprofesa kama Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU na Bogumil Jewsiewicki balianzisha mradi wa Mémoires de Lubumbashi, na batu ba muji, haiko bakubwa paka, balilombwa balete vitu vyabo na maneno yabo bavionyeshe ku musée. Nilikuwa mudogo, lakini nyumbani balikuwa banaongea juu yake. Kikundi cha Kenya kimechukua ile roho na kuishusha mu kartie.

Mutaona pasi ya makala, sahani za émail, mashini ya kushona, livret ya kazi yenye foto ya mutu amevaa kravati ya kuazima, na siku moya papa moya alileta carte du mérite civique ya baba yake, ile bakoloni balianza kutoa mu 1948 kwa mweusi mwenye balimuona amestaarabika. Ilifungwa mu plastiki mbili. Vijana balikuwa habajuwi kama kitu cha vile kilikuwako, kama mutu muzima alikuwa anafanyiwa mutihani nyumbani mwake, banaangalia kama analala ku kitanda na kama anakula na kanya (uma), na nyuma mu 1952 kukaongezeka immatriculation, kali zaidi. Papa alisema baba yake alikuwa na sifa nayo na alikuwa na haya nayo, yote mbili pamoya, na hakutaka tumusaidie kuchagua moya. Tuliiacha vile.

Lakini kitu mi sitakisahau ni kitambaa cha meza. Mama moya wa Katuba alikifungua pole pole, cheupe kimeanza kuwa manjano, maua mekundu na majani ya kijani ku pembe nne, ndege babili mu katikati. Mama yake alikishona mu foyer social, mu kampi ya Union Minière, kampani ya shaba ya wakati wa bakoloni, kule balikuwa banafundisha banamuke ba bafanyakazi kushona, kupika vile bazungu banataka, kuosha batoto. Bote tulisifu maua. Kisha yaya akamulomba akigeuze, na nyuma kukaonekana kazi yenyewe: upande wa pembe tatu mafundo yote yako madogo, sawa sawa, yamekatwa karibu, mutu anaweza kusema ni mashini ilishona, na pembe ya nne uzi unavuka ovyo, mafundo makubwa, rangi ya kijani imebadilika kidogo. Mama akasema pembe ile ya nne mama yake aliimalizia nyumbani, nyuma ya kuzaa, na uzi wa kununua ku soko, juu monitrisi (mwalimu) wa foyer alikuwa anakataza kutoka na uzi wa kampani. Ku kile kipande tu tukaingia mu hadisia ya saa nzima: juu ya nini Union Minière toka mwisho wa miaka ya 20 ilitaka mufanyakazi akuye na bibi yake na asaini kazi ya miaka 3, wakati mbele ilikuwa inachukua banaume paka, bakikufa ao bakikimbia inatafuta bengine. Juu kufundisha mutu mupya kila mara ilikuwa hasara, na batoto bale bangezaliwa mu kampi njo bangekuwa bafanyakazi ba kesho. Mposho ya kila wiki, unga, samaki, maharagi, mafuta, ilikuwa inahesabiwa kufuata bibi na hesabu ya batoto. Mi nilisoma ile "stabilisation" ku masomo, nikaandika ku interro, nikapata pointi zangu, lakini ile siku njo niliona vile iliingia mpaka mu uzi wa sindano wa mama wa mutu.

Kwenda ku musée pamoya nabo pia ni tofauti na kwenda peke yako. Ile nyumba ilianza mu 1946, Francis Cabu njo aliianzisha, na wakati ule ilikuwa inaitwa Musée Léopold II. Mutu akiingia peke yake anatembea haraka, kinyago, kinyago, chungu, chungu, anatoka. Kikundi kinakuambia mbele ya kuingia: leo wee uko na kitu kimoya, simama pale dakika kumi na tano, kisha utatuambia uliona nini. Mi balinipa croisettes, ile misalaba ya shaba. Bote tunaijua juu tunaiona ku nembo na ku vitambaa, lakini kusimama karibu na moya ya kweli, unaona upande mmoja uko laini na mwingine uko na matuta vile shaba ilimwagwa mu muchanga, unaelewa kama kulikuwa mutu alipuliza moto, alingoja, aligeuza. Ilikuwa pesa, ilikuwa ya kuoa, ilikuwa ya kuzika: kule Sanga, ku ziwa Kisale, bachimbaji ba archéologie toka 1957 balikuta bafu balizikwa na vyungu na shaba, makaburi mengine yako na zaidi ya miaka 1000. Kwa hiyo mutu akikuambia shaba ya Katanga, hii eneo yetu, ilianza na bazungu, unajua cha kumujibu. Mbele ya Union Minière haijazaliwa mu 1906, mbele hata ya Msiri, mufalme wa Bunkeya, mwenye balimuua mu desemba 1891, bafundi ba hapa balikuwa beko na tanuru zabo.

Papa moya mupansioné mwenye tulikuwa naye pale alisimama mbele ya ile misalaba akatuambia vile bendera ya Tshombe, mwenye aliongoza Katanga ilipojitenga, ilikuwa: nyekundu, nyeupe, na kijani inapita katikati, na croisettes tatu. Alikuwa mutoto wa masomo toka julai 1960 Katanga ilipojitenga mpaka januari 1963 ilipoisha, balikuwa banaimba mbele ya ile bendera kila asubuhi. Kijana moya akamuuliza ghafla: na Lumumba? Tarehe 17 januari 1961, mulijua? Njo siku balimuua Lumumba, waziri mukuu wa kwanza wa Congo. Papa akasema habakujua siku ile, mu nyumba yabo redio ndiyo iliwaambia nyuma, na iliwaambia uongo, kama alitoroka na bakijiji balimuua. Huu ndiyo uongo serikali ya Tshombe ilitoa mu februari, tarehe yenyewe iko mu vitabu. Lakini kuisikia kwa mutu mwenye aliamini akiwa na miaka tisa, na mama yake mwenye hakuamini na akamufunga kinywa asirudie inje, hiyo habaiweki ku vitabu.

Kuko posho mbili mi ninazisifu kupita zingine, juu ni magumu na bo habakimbii.

Ya kwanza ni ya 1941. Yaya alileta kurasa za Kifaransa, anasoma, anageuza mu Kiswahili. Ilikuwa wakati wa vita ya dunia, shaba inahitajiwa sana, bei ku soko inapanda, mushahara hautembei, bafanyakazi bazungu balianza bo kujiunga mu sendika na kudai, kisha beusi nabo bakaweka chini vyombo. Tarehe 9 desemba bakakusanyika ku kiwanja cha mpira hapa Lubumbashi, gouverneur Amour Maron akafika, basoda bakapiga. Léonard Mpoyo mwenye alikuwa anasema kwa ajili ya bafanyakazi aliuawa, na bengine mingi, hesabu ya koloni na hesabu ya batu hazijapatana mpaka leo. Alipomaliza kusoma hamuna mutu alisema kitu. Kisha mama moya, baba ya mume wake alifanya kazi ku four (tanuru ya shaba) ya Lubumbashi, akasema kwabo ile siku haikusemwaka mu nyumba hata siku moya, ilikuwa inasemwa paka ku kilio, mutu akikufa na bazee bakikaa ku moto usiku. Ye njo alijulia pale, ku kilio, kama kuko mujomba mwenye hakurudi toka kiwanjani. Na hapo kijana yule wa sheria, yule yule, akauliza kama kuko jina lake liliandikwa mahali. Hakuna mwenye alijua, yaya akaliandika mu kayé mbele yetu, jina, kampi, na ukoo.

Ya pili ni ya 1992 na 1993, wakati ndugu zetu ba Kasai balifukuzwa mu Katanga, batu bale balizaliwa hapa, bazazi babo balizaliwa hapa, bakalala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi banangoja treni, na batoto mingi bakafia pale na njiani. Mu sali kulikuwa batu ba pande yote mbili, na mutu anaweza kufikiri ingekuwa fujo. Sheria balioweka ni moya: kila mutu anasema paka yale yalipita mu lupango lwake, hamuna kusema "bale bako hivi", hamuna kusema "nasikiaka". Papa moya alisimama akatoka inje katikati, na hamuna mutu alimuzuia wala kumufuata na maswali, nyuma alirudi akakaa. Mama moya akasema jirani yake alimuachia funguo na mbuzi babili, na ile nyumba ikaingiliwa na batu nyuma ya siku kidogo, na ye alinyamaza juu aliogopa. Alisema vile, mbele ya batu ba Kasai, mu komini Kenya, posho mchana. Mi sijui mahali pengine mu muji wetu hii inaweza kusemwa bila mutu kulala na shoka. Vitabu viko juu ya ile wakati, profesa Dibwe aliandika, lakini kitabu hakiwezi kukaa ku kiti pembeni ya jirani yako kikakuambia niliogopa.

Basi njo maana kasoro inaniuma.

Yote haya, sauti ya yule mama, ya papa wa carte, ya bendera, balikuwa banarekodi na telefone. Telefone moya. Ya mutu moya wa komite. Na mu mwaka uliopita ile telefone iliibiwa mu taxi-bus, na hakukuwa kopi hata moya mahali popote, haiko ku ordinatere, haiko ku kadi, haiko kwa mwenye alisema. Balitutangazia posho ya nyuma kwa huzuni, na balikuwa na huzuni ya kweli, sina mashaka nabo, ni vijana ba roho nzuri na hawalipwi kitu. Lakini papa wa bendera aliuliza: "Na mi nilikuwa niilombe tangu zamani ile sauti yangu, niipe bajukuu, mbona hamukunipa?" Habakuwa na jibu.

Na mi niko na sababu yangu ya kukasirika zaidi. Kambo yangu (babu) alikuwa na foto moya, amesimama mbele ya nyumba ya kampi na kinga (baiskeli) mupya, shati imepigwa pasi, na nyuma yake bibi yake ameshika mulango. Foto ya pekee yenye kambo muke anaonekana kijana. Mutu moya wa utafiti alikuya nyumbani, haiko wa hiki kikundi, ni zamani mbele yake, akalomba kwenda kuipigisha kopi siku moya paka. Mpaka leo. Bazazi balitembea bakiuliza, kila biro inatuma ku biro ingine. Kwa hiyo ninapoona mama wa Katuba anafungua kitambaa chake na batu kumi banakipiga foto, swali langu la kwanza ni: na ye atarudi nyumbani na nini?

Lubumbashi ni muji wenye banachukuaka. Shaba inaenda, bikorokoro vya zamani vinaenda ku nyumba za batu ba mbali, vinyago viko mu makabati ya Ulaya, na sauti ya bazee bazungu balizirekodi toka zamani na kuzitunza vizuri sana, lakini kwabo. Kikundi cha bana ba hapa, mu Kiswahili ya hapa, ndiyo mahali pa kwanza panapaswa kufanya tofauti. Mi nilibaambia mbele ya bote na ninaandika tena hapa: kadi ya memoire ni bei ya bia mbili tatu. Siku ya kurekodi, mbele ya mutu kutoka mu sali, abebe sauti yake mu telefone yake ao ya mutoto wake, kopi ya pili ibaki ku kabati ya kikundi, ya tatu iwekwe mahali pa batu bote, ku musée ao ku komini, yenye jina la mwenye kusema na ruhusa yake imeandikwa. Na mwenye hataki ibaki kwa batu, hata akisema kisha mwaka, ifutwe. Maneno ya 1992 haiko maneno ya kuacha mu mufuko wa kijana mu taxi-bus.

Kasoro zingine ni ndogo. Kifaransa kinaingia kila mara kukifika mugeni. Posho moya balikuya bageni toka Ubelgiji, bazuri, baliuliza maswali ya akili, lakini saa moya nzima ikaenda mu Kifaransa na nikaona bamama bananyamaza moya kwa moya, yule mama wa unga akachukua kitenge chake akatoka mbele ya mwisho. Ile siku kikundi kilikuwa cha bageni. Ingetosha mutu moya akae pembeni yabo ageuze pole pole. Kitu kingine, bijana ba miaka kumi na tano, kumi na sita habako, na njo bale bangefaa, juu bo banajua Gécamines paka kama jina ku ukuta. Habajui kama mu 2003 ilitoa bafanyakazi zaidi ya 10000 kwa mara moya, ile baliita départ volontaire (kuondoka kwa kupenda), na juu ya nini kambo yabo anauzisha makala wakati alikuwa fundi wa umeme. Masomo ya kartie yako hatua mia moya toka pale. Mutu aende akaongee na badirekta.

Na ningependa basome pia bitu vingine vya hapa. Michoro, kwa mufano. Mu miaka ya 70 mu salon ya batu mingi hapa kulikuwa tablo ya Colonie belge, mufungwa amelala chini anapigwa fimbo, basoda, muzungu anaangalia, na Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi nzima tablo zaidi ya mia moya, kwa Fabian yule yule. Ile pia inasomeka. Bapansioné bale beko mu sali banaikumbuka ku ukuta za kwabo, bangeweza kutueleza juu ya nini mutu alikuwa ananunua tablo ya fimbo anaiweka mahali anakulia bukari na batoto. Yaya alisema banaifikiria kwa mwaka huu.

Kwa kufika: toka mujini panda taxi-bus ya Kenya, shuka ku soko, uliza sali yenye banasoma posho, bamama ba unga banaijua. Usiende na haraka. Beba kitu cha nyumbani kama ni siku ya masanduku, lakini mbele ya kukitoa mu mufuko uliza nani anapiga foto, anaweka wapi, na wewe utapata yako lini. Uliza na sauti, mbele ya bote. Mwezi uliopita tuliuliza batu kama sita pamoya na mwenye kushika pesa ya fotokopi akaandika ku ukurasa wa mbele wa kayé kama banunue kadi mbili mbele ya posho ya masanduku. Kadi moya ilisha kununuliwa, niliiona. Ya pili bado.